Chuma cha Bi. Tatu

Siku ya kwanza kazini niliwekwa nitazame tu. Mama mkwe wangu, Bi. Tatu binti Selemani, ndiye alikuwa bosi, na kazi yetu kuuza vitumbua mbele ya geti la kiwanda, Chang'ombe. Chuma chake cha kupikia kilikuwa cha kumimina, kizito, mashimo saba. Alisema kimetoka kwa mama yake.

"Hiki hakioshwi kwa sabuni," akaniambia. "Kinafutwa kwa kitambaa, kinalishwa mafuta. Na kikiwa cha moto kisione maji ya baridi. Ukikipasua, mwanangu, urudi kwenu."

Kwetu Rufiji hapakuwa na wa kunipokea, baba na mama walishakufa. Basi miaka miwili nilikishika kama mtoto wa watu. Nikajua kuroweka mchele, kusaga, kutia tui na hamira, kupima moto kwa kupitisha kiganja juu ya shimo. Lakini kila nikikiinua, namtazama yeye kwanza.

Asubuhi moja Bi. Tatu kaenda kununua mkaa, mafuta yakadondokea jikoni, moto ukapanda. Nikamwaga maji ya kopo pembeni, yakarukia chuma. Kikalia tang. Ufa kama unywele, shimo la saba.

Nikaliziba kwa unga, nikawa napika sita sita, Bi. Tatu yuko kwenye kuuza. Siku nne zikapita hivyo. Tone la mafuta likilia kwenye mkaa, nageuka kukitazama chuma.

Siku ya tano mnyapara wa kiwanda, Hamadi Mkwizu, akachungulia. "Bi. Tatu, shimo hili mbona limefunga, na mwezi haujaandama?"

Watu wakacheka. Bi. Tatu hakucheka. Akanitazama.

"Nimekipasua mie, Mama."

"Lini?"

"Jumatatu."

Akapika mpaka wateja wakaisha. Nami nimesimama, kwa mawazo nishazifunga nguo zangu. Ndipo akaniinamia sikioni.

"Cha mama yangu nilikipasua mie, mdogo kuliko wewe. Hiki nilikinunua Kariakoo, nikakipaka masizi kifanane. Mama kafa hajui. Mpaka leo nikimwota, anakigeuza geuza, anakikagua."

Tukanunua kingine. Nikakipikia miaka thelathini, Chang'ombe, kisha Manzese, mpaka magoti yakanistaafisha. Bi. Tatu alipofariki, nami nikaendelea kusema ni cha mama yake.

Sasa kipo Mbweni kwa mjukuu wangu Zainabu. Nilipomkabidhi nilimwambia akikipasua asinisogelee, na sikuwa natania. Mwezi uliopita nilimkuta anakiinua, mabega juu, macho kwangu kwanza kabla ya jiko. Nikauona woga wangu ule ule umehamia usoni kwake. Nilitaka kusema palepale, nikamwuliza bei ya mchele. Mtu mzima nami naogopa kuonekana mwongo.

Zainabu, hicho ni cha tatu. Madukani vipo. Kikipasuka, niambie siku hiyohiyo.