Bahari Iliyohama

Mwanangu, ipo siku moja ya Rashidiya, kule ughaibuni, isiyonitoka akilini. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu, nami nafanya kazi za ndani kwa Madam mmoja wa Kijapani, mtu wa maneno machache na chai nyingi.

Siku hizo nyumbani, karibu na mdomo wa Mto Tana, bibi yangu alikuwa amenuna. Alisimulia kwamba wazee wetu walipowasili walifunga mashua zao penye kisima cha ukoo, na kisima hicho leo kimezungukwa na mashamba ya mpunga. Bahari huioni wala huinusi. Kaka yangu akacheka mbele ya wageni, akasema bibi ameanza kuchanganyikiwa. Bibi akafunga mdomo. Na ni yeye peke yake aliyebaki akijua tulikotoka, ndiyo maana niliumia.

Basi nilikuwa napiga pasi, Madam anamsomea mwanawe kwa Kiingereza habari za wafalme wao wa kale. Humo kitabuni merikebu za mfalme zikatia nanga chini ya mlima. Mtoto akaruka: pale ndipo anapokaa babu yake, pana nyumba na reli, bahari iko mbali.

"Kitabu kinadanganya," akasema.

"Mengine ya humu sina hakika nayo," Madam akamjibu. "Lakini babu yako alipochimba msingi alitoa maganda ya chaza. Mito ilileta mchanga, ghuba ikajaa. Bahari ndiyo iliyohama."

Nusura niunguze shuka. Nikamweleza ya bibi yangu, nikamuuliza kama na kwetu yawezekana.

"Bibi yako yuko hai?"

"Yuko hai, Madam."

"Sasa mbona unaniuliza mimi?"

Nilipiga simu adhuhuri ile ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmeshacheka mkatosheka?"

Nikamwambia nataka kujua mashua zilifungwa upande gani wa kisima.

"Upande wa kusini," akasema. "Una nafasi, nianze mwanzo?"

Salio lilipoisha alinibipu bila haya mpaka nikanunua jingine.

Mwanangu, maneno ya mzee yasipolingana na ardhi unayoiona, usikimbilie kusema kachanganyikiwa. Huenda ardhi imebadilika. Muulize kwa adabu, tena muulize mapema, maana bibi alitutoka mwaka uliofuata. Mungu akujaalie subira ya kusikiliza, na utakapozeeka akupe mtu wa kukuuliza.