Ubeti wa Mtoto Donal

Sheila Townsley amepika katika shule yetu hapa Blairgowrie, Uskoti, miaka ishirini na mitatu, nami nimemenya viazi kando yake kwa miaka kumi na miwili. Si mtu wa kelele. Watoto wakimtania kwamba ni wa ukoo wa mahema, wale watu wa kuhamahama, huwaongezea supu na kuwaambia wale kabla haijapoa.

Alilelewa na shangazi yake, Bethag. Bethag alizaliwa hemani, akachuma matunda ya rasiberi mashambani kila kiangazi, akaimba. Waimbaji wakubwa wa Uskoti walifunga safari kuja kujifunza kwake, wengine wakilala sakafuni, wamsikilize tu akiimba huku anakwangua sufuria. Na baa ya hapa mjini ilimkatalia kikombe cha chai kwa sababu ya ukoo wake. Baa hiyohiyo leo imetundika picha yake ukutani. Hawana hata haya.

Miaka sita baada ya kumzika, produsa mmoja, Rory Kinnaird, alitoa albamu ya kumuenzi: waimbaji kumi na wawili, kila mmoja na wimbo mmoja wa Bethag. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi mchana katika ukumbi wa mji. Sheila alialikwa, akaniomba nimsindikize. Tukawekwa mstari wa mbele.

Binti aitwaye Ishbel akaimba ule wa majira ya baridi, ambao Bethag aliutunga mwenyewe. Sauti anayo, sitasema uongo. Katika wimbo theluji ikaanguka, polisi wakang'oa hema la wazazi wake Bethag, kisha ghafla jua likachomoza na ndege wakaanza kulia. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Sheila hakupiga makofi, mikono iko mapajani, uso umemwiva.

Kinnaird alipomwita jukwaani apokee maua, alipanda, lakini maua hakuyagusa.

"Donal yuko wapi?" akamuuliza.

Kinnaird hakuelewa. Sheila akamweleza, mbele ya watu wote, kwamba Donal alikuwa mdogo wake Bethag, mtoto wa wiki tatu, aliyekufa kwa baridi kwenye mkokoteni siku ile walipofukuzwa. Ana ubeti wake, na ubeti huo unalitaja shamba walikofukuzwa.

Kinnaird akasema kwa upole kwamba ubeti ule ulikuwa mzito mno, uliharibu mtiririko, na familia yenye shamba bado ipo.

"Na sisi je, hatupo?" Sheila akasema. "Ubeti huo ndio wimbo, bwana. Hayo mengine ni njia tu ya kuufikia."

Akauimba palepale, bila gitaa, kwa sauti yake ya jikoni. Mzee mmoja nyuma yangu akavua kofia. Baadhi ya wakubwa wa mji walitazama viatu vyao.

Albamu haikubadilishwa. Ilikwisha kuchapishwa, walisema, na magazeti yakaisifu kwa uaminifu wake. Uaminifu! Nilipolisoma neno hilo nilitamani kulichana gazeti.

Jumapili iliyofuata, Ishbel alibisha hodi kwa Sheila, macho mekundu. Alisema alipewa karatasi ya wimbo ubeti ule ukiwa umeshakatwa, hakujua. Sheila alimwacha mlangoni kitambo, kisha akamwambia, "Ingia, mwanangu. Vua koti. Tunaanza mwanzo."

Sasa binti huyo huuimba wimbo wote kila aendako. Albamu yenyewe Sheila hajaruhusu ivuke kizingiti chake, nami simlaumu.