Alisema amesikia, wakaandika amekubali

KASONGO – Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Célestine Feza anafuta umande kwenye sahani ya sola iliyo juu ya bati la jiko, anaunganisha waya na betri, kisha anaketi mbele ya redio yake. Cherehani yake bado imefunikwa. Anabonyeza kitufe na kuita vituo kimoja kimoja, kama mwalimu anavyoita majina darasani: Salamabila, Kabambare, Lusangi.

Salamabila anajibu. Kabambare anajibu. Kutoka upande wa Lusangi inakuja sauti ya Hidaya, muuguzi wa zahanati ambayo haina mtandao wa simu.

"Yaya, dada yangu, niko na mama moja hapa. Uchungu ulianza juzi, mutoto anatanguliza mukono. Natafuta pikipiki..."

Sauti ya mwanamume inamfunika. Inasema Kifaransa, ina nguvu, na inaonekana haiko mbali.

"Masafa haya ni ya daraja la kwanza. Vituo vya daraja la tatu, tokeni."

Hidaya anarudia. Anafunikwa tena. Mara saba anarudia, na Célestine anaokota neno moja moja na kuliandika nyuma ya karatasi ya vipimo vya sare za shule. Ujumbe ukitimia, anatoka mbio hadi kwa waendesha pikipiki wa sokoni, kitenge akikishika kwa mkono.

Hiyo ilikuwa Jumanne wiki hii. Mama yule alifika hospitalini Kasongo jioni, akapasuliwa. Yeye na mtoto wako hai.

"Dakika arobaini," anasema Célestine. "Mukono wa mutoto uko inje, na mutu anatufundisha madaraja." Anapokasirika hapandishi sauti. Anaishusha, mpaka inabidi usogee karibu umsikie.

Célestine ana miaka hamsini na mmoja. Anashona nguo, na kwa miaka kumi na minne amekuwa na kibali cha redio ya ridhaa, ile ambayo wengi hapa wanaiita phonie. Sheria haimruhusu kulipwa kwa ujumbe, na hajawahi kulipwa. Mashine yenyewe aliachiwa na marehemu mumewe, François, aliyekuwa fundi wa redio. Ametangaza kupitia hiyo vizazi, vifo, na barabara zilizokatika. Kuna harusi moja ya Kabambare iliyosogezwa mbele wiki nzima kwa sababu bibi harusi alikuwa amekwama Salamabila.

Vibali viko vya madaraja matatu. Zamani madaraja yote yaliruhusiwa kutumia megahezi saba, masafa yanayofika vizuri mchana kutoka Kasongo hadi Kabambare, kilomita zaidi ya mia moja. Kwa mgawanyo mpya, masafa hayo ni ya daraja la kwanza peke yake. Daraja la tatu, alimo Célestine na wenzake, wamebakiziwa masafa ya chini, ambayo huku husikika vizuri jua likishatua.

"Basi tuambie wamama wazae usiku tu," anasema Joël, mchimbaji wa zamani anayeendesha kituo cha Salamabila. "Tuwape na saa kabisa."

Kusini mwa jimbo la Maniema, mashariki mwa Kongo, hakuna hata mtu mmoja wa daraja la kwanza. Mtihani wake unafanyika Kinshasa. Célestine alipiga hesabu ya ndege ya kwenda na kurudi: ni mapato yote ya cherehani yake kwa mwaka na miezi minne, bila kula.

Lakini kinachomchoma zaidi ni karatasi moja.

Mwezi wa tatu, mjumbe wa ofisi inayogawa masafa, Bwana Magloire, aliita watumiaji wa redio kwenye ukumbi wa parokia. Walikuja tisa. Aliwasomea mapendekezo kwa Kifaransa, kifungu baada ya kifungu, na mwisho wa kila kifungu aliuliza: "Bien reçu?"

Wote tisa wakajibu kwa pamoja, "Bien reçu."

Kwa watu wa phonie, jibu hilo hutoka lenyewe. Maana yake ni kwamba sauti imefika, basi. Kwenye ripoti ya mjumbe liliandikwa hivi: "Watumiaji wote tisa wamekubali."

"Mutu akiniambia kwa phonie kaka yangu amekufa, namujibu bien reçu," anasema Célestine. "Ni kusema nimekubali afe?"

Bwana Magloire anasema yeye hakutunga sheria. "Hawa watu hawana mafunzo ya kutosha, wanaingiliana ovyo," anaeleza. Anakiri kwamba sauti ya Jumanne ilikuwa yake, akijaribu mtambo wake kutoka hoteli, mitaa miwili kutoka kwa Célestine. "Niliwauliza, wakajibu ndiyo. Kama kuna anayepinga, aseme kabla ya Ijumaa, siku ya kusaini vibali vipya. Mpaka sasa sijasikia mtu."

Shida ni kusema kwenyewe. Célestine anasikika wilaya mbili nzima, lakini mbele ya watu hawezi kusimama na kusema. Hata kwenye mazishi ya mumewe, maneno yake yalisomwa na shemeji.

Ijumaa ukumbi ule ule unajaa. Juu ya meza kuna vibali vipya na karatasi ya kutia sahihi. Wanne wanasaini bila kusoma. Joël anasaini akinung'unika kwamba atanunua kurunzi ya kuzalishia. Watu wanacheka kidogo.

"Mama Célestine," anaita Bwana Magloire, akimsogezea kalamu. "Wewe ni mtu mzima, huna maneno mengi. Bien reçu?"

Célestine anasimama. Anaishika kalamu, anaitazama, anairudisha mezani. Nyuma mtu anakohoa. Mjumbe ananyanyua karatasi, amwite anayefuata.

"Ngoja, mukubwa."

Sauti ya Célestine ni ndogo, na walio nyuma wanasogea karibu ili waisikie.

"Ile siku nilikujibu nimesikia. Nilikusikia vizuri. Sikukubali. Leo pia sikubali. Kesho asubuhi nitaita Lusangi kwenye megahezi saba, na kesho kutwa nitaita tena. Ukitaka kunifunga, unajua kwangu. Sasa andika: Célestine Feza amekataa."