Mtu wa Katikati

Kabla ya kuja kwenye kiwanda chetu kidogo cha mabomba ya plastiki hapa Kasese, Tefiro alikuwa amebeba mabomba ya maji kwa bega miaka kumi na moja. Kwao Karambi, na baadaye Bugoye, gari huishia bondeni ilhali vijiji viko juu. Yeye na wenzake ndio waliokuwa wakiyapandisha. Sasa ana miaka hamsini na mitatu na goti lake limekataa mlima. Aliwahi kuniambia kwamba hakuna mahali pengine atakapopata cha kubeba.

Kwetu aliajiriwa kupanga mabomba yanapofika mwisho wa njia ya rola. Bomba hutoka kwenye msumeno likiwa bado na joto, rola zinalisukuma taratibu hadi stoo, ambako mimi nalihesabu. Lakini Tefiro hakukaa mwisho. Alisimama katikati ya njia, akiweka kiganja chini ya kila bomba lililopita. Nilidhani anayasalimia tu.

Kisha akaja msimamizi mpya, Davis, aliyetoka jeshini. Wote tunamwita afande.

"Wewe mzee, toa mkono," alisema Jumatatu ile. "Rola haijui kidole na bomba. Nikikuona tena hapo, Ijumaa unaenda nyumbani."

Alikuwa na haki; rola zingeweza kumkata vidole. Tefiro akaweka mikono nyuma, kama mtoto kanisani.

Jumatano tukaanza mabomba membamba ya mradi wa maji wa Bwera. Kufikia adhuhuri mambo yalikuwa yameharibika. Ncha ya bomba ililegea kati ya rola mbili, ikagonga ya mbele, ikakwama, na bomba lililofuata likapanda juu yake. Davis akafungua mota inayozungusha rola, akaisafisha, akaipaka grisi. Alhamisi akaifungua tena.

"Mota iko muzima, afande," Tefiro alisema Ijumaa asubuhi.

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna."

Naswiba, anayeendesha msumeno, akacheka. "Afande, muulize basi. Tumechoka kukata mabomba ya takataka."

Davis akafuta mikono kwa kitambaa. "Sema."

"Kule mulima, bomba refu ukiipa watu wawili, inacheza. Inawaangusha. Munaweka wa tatu katikati, mutu mufupi, ainue kidogo tu. Hii yenu iko na mutu ya mbele na mutu ya nyuma. Katikati hakuna mutu."

"Na wewe ulikuwa wa katikati?"

"Mimi ni mufupi, afande. Hawakuniuliza."

Chuoni nilisoma jinsi kitu kirefu kinavyopinda kwa uzito wake. Nilifaulu vizuri. Kwa miezi saba nilikitazama kiganja kile kikizuia bomba lisipinde, na sikukiona.

Davis alitoa rola kwenye mashine moja ya zamani isiyotumika, akaifunga katikati ya zile mbili. Tefiro alimwonyesha mahali kwa kidole, kwa mbali. Mabomba yakaanza kupita yamenyooka, moja baada ya jingine, bila mkono wa mtu. Naswiba akapiga makofi. Mimi nilihuzunika, maana niliona kwamba mzee ameipa mashine kazi yake. Naye alikwisha kuliona hilo. Saa kumi alasiri alikuwa ameshachukua koti lake msumarini.

"Unaenda wapi?" Davis akamuuliza.

"Si ulisema Ijumaa? Na sasa mikono yangu haina kazi."

Davis akajikuna shingo, akaitazama njia ya rola. "Kesho tunaingiza bomba nene. Katikati yake iko pale pale?"

Tefiro akafikiri. "Hapana. Nene inachelewa kupinda. Utasogeza."

"Kiasi gani?"

"Mpaka niione ikipita."

"Basi kesho saa mbili uko hapa. Hizo rola ni zako kuanzia leo. Lakini ukizigusa zikizunguka, nakufukuza."

"Kesho ni Sabato, afande."

"Wewe mzee unanipa amri?"

"Si mimi."

Davis akaitazama tena ile rola ya katikati. "Jumapili," akasema, na Tefiro akarudisha koti msumarini, kwa kuwa mabomba ya Bwera yalikuwa hayajaisha.