Jogoo Mfukoni mwa Neema

Kwato za ng'ombe zinapochemka tangu asubuhi hutoa harufu nzito inayoshika mapazia na nywele. Nyumba yetu ya mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, ilinuka hivyo msimu mzima wa mvua, wakati wa vita vya Ituri. Mama alikuwa fundi cherehani. Mtawa mmoja alimfundisha kuchapa majani juu ya kitambaa kwa bamba la jelatini, kisha kuunga vipande hivyo kuwa mablanketi ya viraka. Barabara zilipofungwa kwa malori na jelatini ya unga ikakosekana, aliitengeneza mwenyewe: alichemsha kwato, akachuja, akaengua mafuta, akamimina mchuzi kwenye sinia. Kwa baridi ya Bunia, kulipokucha ulikuwa umeganda, laini na wenye kutikisika. Nyama iliyobaki tuliila. Juu ya bamba hilo Mama alisambaza rangi kwa kubiringisha chupa mpaka ikawa nyembamba, akabandika majani na kuyabandua, kisha akalaza kitambaa na kukipapasa kwa kiganja. Kila mshipa wa jani ulijitokeza.

Msimu huo tuliishi na Mama Bahati, aliyekimbia kutoka Gety, kusini mwa Bunia, pamoja na binti yake Neema, rika langu. Bahati, mwanawe mkubwa, alipotezana nao njiani risasi zilipoanza. Hawakuwa na picha yake hata moja. Mama Bahati aliwauliza wote waliofika kutoka kusini, na kila mmoja alimjibu kwamba wavulana wa umri ule ni wengi barabarani. Baadaye majirani walianza kumwita Mama Neema, kwa huruma. Hakuitika.

Siku moja Neema aliinama juu ya sinia kuokota jani, akaligusa bamba kwa kifua. Gauni lake, la pekee alilokuwa nalo, liliingia rangi ya buluu. Mama alishika kitambaa cha kupangusia bamba, tayari kumgombeza, lakini Mama Bahati alimzuia mkono. Kwenye rangi palikuwa na umbo la mfuko wa gauni na jogoo aliyetariziwa juu yake, mkia wake uzi kwa uzi.

"Usipanguse," alisema. "Ile jogoo iko mu shati ya Bahati pia. Niliishona na mukono yangu."

Alikuwa amewashonea watoto wote wawili kutoka kitambaa kimoja, na mifuko sawasawa. Mama alilaza kipande cha shuka juu ya bamba, akakibandua, na jogoo akatoka mweupe katika buluu. Mama Bahati alitaka vingine, vingi, awape wanawake waliokuwa wakienda kuuza Komanda na Beni, waulizie shati lenye jogoo huyo. Mama alimweleza kwamba gauni lingeharibika kabisa, na mtoto hana jingine. Neema alinitazama, akaanza kufungua vifungo.

"Mutie rangi tu. Miye nitavaa yake."

Nilimpa gauni langu la kanisani. Sikufurahi, lakini nilimpa.

Tulichapa mpaka bamba likapasuka. Chapa zilizokolea ziliondoka na wachuuzi, zikapitishwa makanisani na sokoni. Zilizofifia Mama aliziweka kando. Mvua zilikatika, hatukusikia neno. Kisha mchuuzi mmoja alirudi kutoka Komanda akiwa na kijana mwembamba aliyevaa fulana ya mtu mzima. Shati lilikuwa limekwisha kuchanika, lakini mwanamke aliyempokea huko aliwahi kulishona mfuko, akamkumbuka jogoo alipoiona chapa. Mama Bahati alimshika mwanawe masikio yote mawili, akamgeuza huku na huku, akamketisha ale. Bahati alikula mpaka sufuria ikawa tupu. Chapa zilizofifia ziliungwa kuwa blanketi lake.

Leo kazi ya Mama ni yangu. Jelatini nainunua dukani, na anayetafuta ndugu hutuma picha kwa simu. Familia bado zinafika kutoka Djugu zikikimbia mapigano, na bado wapo watoto waliopotea ambao hakuna aliyewahi kuwapiga picha. Mwaka jana nilipoandaa maonyesho ya mablanketi katika mtaa wa Lumumba, nilikwenda Gety, alikorudi kuishi, kumwomba Bahati lile lake. Lilikuwa limeanikwa uani, majogoo wamekaribia kufutika kwa kufuliwa. Alinikaribisha vizuri, akakataa.

"Batoto banalala mu hiyo," alisema. "Ungoje bakomae."

Nilirudi Bunia mikono mitupu. Maonyesho tuliyafungua ukuta mmoja ukiwa hauna blanketi, na wageni walipouliza niliwaambia kwamba lile lililokosekana linatumika.