Kiti cha Kusonga

Wifi yangu alichukua mwiko wangu siku niliyotoka hospitali, na aliuchukua kwa upole kabisa, kama mtu anayemtoa mtoto mchanga mikononi mwa mlevi.

"Wewe pumzika, nyar Migori," akasema.

Ndivyo wanavyoniita huku Homa Bay nilikoolewa, binti wa Migori, na kwa kawaida huitika kifua kikiwa mbele. Siku ile niliitika nikiwa nimelala ubavu.

Nilikuwa nimeanguka na pikipiki. Nyonga ya kushoto ilivunjika, na daktari akaifunga kwa vyuma vingi kiasi kwamba nikipita karibu na sumaku naweza kuvutwa mzimamzima. Akanipa gongo moja la kutembelea na masharti: usichuchumae, usiiname, usisimame muda mrefu.

Nikamuuliza, "Sasa daktari, jikoni mtu hufanya nini kingine?"

Akacheka.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu. Ameolewa Karungu, na aliacha nyumba yake aje kunisaidia, kwa hiyo msimwone mtu mbaya. Lakini wiki zilipita, mguu ukapata nguvu ya kukanyaga, na mwiko haukurudi. Nikikaribia jiko ananigeuza mlangoni. "Mgonjwa hasongi ugali. Ukitumbukia kwenye sufuria ndugu yangu atakula nini, wewe?" Na mume wangu, mtu wa amani, alikula alichopewa huku akitazama ukuta.

Hamuujui ugali wangu. Ulipokuwa ukigeuzwa kwenye sahani hapa Homa Bay, watu wa ng'ambo ya ziwa walikuwa wakiuliza nani amebisha hodi. Na huku kwetu mgeni akija, ugali anaosongewa na mwenye nyumba mwenyewe ndio humwambia kwamba amekaribishwa. Sasa wageni walikuwa wakila ugali wa wifi, wakimshukuru wifi, kisha wanapita sebuleni kunipa pole kwa sauti ya matanga. Nikaona hivi hivi nitageuka mgeni kwangu, tena mgeni asiye na tarehe ya kuondoka.

Nilipolalamika, wifi aliweka mikono kiunoni. "Siku nitakapokuona umesonga wa nyumba nzima bila mtu kukushika, ndipo nitafunga mzigo wangu."

Basi nikaanza kusaka kiti.

Cha plastiki kilikuwa kifupi mno. Niliichungulia sufuria kama mtoto anayechungulia dirisha la jirani, na nikikandamiza mwiko, kiti kinatanua miguu kama ng'ombe anayezaa. Kreti ya soda niliyoigeuza ilifaa kwa kuosha vyombo, ila kuinuka pale kulihitaji kwaya nzima ya kanisa ije kunivuta. Nikaazima kiti kirefu kwa jirani mwenye baa. Kimo kilikuwa sawa, lakini miguu ilining'inia hewani, na mtu asiyekanyaga mahali hana nguvu ya kusonga chochote. Isitoshe, mke wa mchungaji alipita akanikuta juu ya kiti cha baa asubuhi mapema, chupa ya mafuta ya kupikia mkononi. Maombi niliyoombewa Jumapili ile yangetosha kuokoa kaunti mbili, na chenji ikabaki.

Hata hivyo nilikuwa nimeng'amua ninachotaka: kiti kirefu kiasi, kinachoinamia mbele kidogo, chenye ubao wa kukanyagia, na jiko liwe chini ya viwiko vyangu ili uzito wa mabega uingie kwenye mwiko. Jirani mwingine, anayenunua mahindi Kehancha, akanipa namba ya fundi wa huko anayewatengenezea wachambuaji wa tumbaku viti vya kukalia kutwa.

Fundi ni Mkuria, mimi Mjaluo, kwa hiyo ni Kiswahili tu kingetupatanisha. Na mimi Kiswahili sikukiokota sokoni. Nilikisomea shule ya usiku, mama mtu mzima, nikapata alama ambayo mwalimu aliivulia miwani akaipangusa akaitazama tena. Nikaketi wima, nikasafisha koo, nikapiga simu.

"Fundi, nahitaji kiti cha kusonga."

"Cha kusonga?"

"Cha kusonga. Kirefu kiasi, na pa kukanyagia pawepo."

"Sawa, mama. Unasonga ndani ama nje?"

"Ndani kila siku. Nje kukiwa na matanga."

"Na unasonga sana?"

"Baba, mimi nikianza kusonga hakuna wa kunisimamisha!"

"Hapo lazima kiwe imara," akasema.

Nilipokata simu nilimwambia wifi, "Huyu ni fundi kweli. Anauliza maswali ya maana."

Kiti kilifika juu ya gari la ndizi, kimeviringishwa magunia kama bibi harusi. Tukafungua. Kimo sawa. Kimeinamia mbele, sawa. Ubao wa kukanyagia, sawa kabisa. Na chini, kwenye kila mguu, gurudumu.

Wifi alikizunguka polepole. "Nyar Migori, umenunua gari?"

Mimi sikuumbwa kukubali kushindwa mbele ya wifi. Maji yalikuwa yanachemka. Nikakaa, nikatia unga, nikashika mwiko, nikakandamiza. Badala ya ugali kusonga, nikasonga mimi. Nilirudi nyuma nikapita kabati, nikapita mlango, kuku wakatawanyika kila mmoja na dini yake, na nikawa tayari kuwapungia mkono watu wa Mbita, ndipo mpapai ukanizuia. Mwiko ulikuwa bado juu, kama bendera ya nchi ndogo. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaja akautoa mwiko mkononi mwangu, akaenda kumalizia ule ugali.

Nikampigia fundi palepale chini ya mpapai.

"Fundi, umeniwekea magurudumu!"

"Mama, si ulisema cha kusonga?"

"Kusonga ugali!"

Halafu simu ikaanza kukwaruza kwa kicheko. "Kumbe! Na mimi nikasema huyu mama ana safari! Mpaka matanga anaenda na kiti yake!" Alipopata pumzi akasema, "Pole sana. Nitakuja niyatoe."

Nilifungua kinywa niseme njoo hata leo. Kisha nikatazama nilikotoka. Jiko lilikuwa kule, mimi niko huku, na gongo langu liliegemea ukuta wa jikoni. Nilikuwa nimesafiri umbali ule wote na mikono yangu yote miwili. Mtu wa gongo huwa na mkono mmoja tu; mwingine ni mali ya gongo. Tangu nianguke sikuwa nimebeba hata sufuria ya maji.

"Usiyatoe," nikasema. "Njoo na breki."

Alikuja Jumamosi na vyuma vyake, akachomelea pale kwa fundi wa karibu. Ukikanyaga ubao, vyuma viwili vinashuka na kiti kinagoma kama ng'ombe aliyekataa kuvuka mto. Ukiinua mguu na kusukuma sakafu kwa ule mzima, kinakutii. Alipomaliza ilikuwa saa ya chakula, na wifi alikuwa tayari ameshapangusa mikono.

"Mgeni ametoka Kehancha yote hiyo," akasema. "Hawezi kulishwa ugali wa majaribio."

"Atakula wa mwenye nyumba."

Akakunja mikono, akaegemea mlango. Sawa, nikajiambia.

Nikaenda kwenye pipa, nikachota maji, nikarudi na sufuria mapajani, mikono miwili, bila kumwaga hata tone. Nikapita kabatini nikachukua unga. Mbele ya jiko nikakanyaga ubao: kaa! Maji yakachemka, nikatia unga, nikasonga. Ugali ule ulinibishia kama mbunge. Jasho lilinitoka mpaka kwenye visigino. Nikauegemea kwa mabega, nikaugeuza, nikaubana ukutani mwa sufuria, na kiti hakikusogea hata upana wa ukucha. Nilipoubwaga kwenye sahani, ng'ambo ya ziwa wakajua nimerudi.

Fundi alianza kula samaki bila kusubiri hotuba. Wifi alimega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba, akatafuta kosa, akamega upande wa pili akatafuta tena. Mume wangu, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, hakutazama ukuta.

"Hakuna bonge hata moja," wifi akasema, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Akala. Kisha akasema, "Kesho narudi Karungu. Shemeji yenu naye amekula kwa majirani vya kutosha."

Halafu akamgeukia fundi, huku akijisugua magoti ambayo hakuwahi kutuambia yanamuuma.

"Fundi, na mimi nataka hiyo kiti. Ya kusonga."

Fundi akaweka tonge chini. Alikuwa ameshaungua mara moja. "Kusonga gani, mama? Kusonga ugali, ama kusonga kwenda?"

Wifi akanitazama, akatazama magurudumu.

"Yote mbili," akasema. "Lakini breki weka kubwa. Mimi sina mpapai."

Nikaondoa mguu kwenye ubao, nikaenda kumwongezea ugali.