Namba Niliyoiona Peke Yangu kwa Daktari

Daktari alifunua ukurasa, nikaona namba. Nikaitaja kwa sauti, tena kwa mbwembwe.

"Arobaini na tano!"

Akavua miwani. Akanitazama. Akakifunga kile kitabu taratibu.

"Kijana, kwenye ukurasa huu mtu mwenye macho ya kawaida haoni namba yoyote."

Jamani, hapo ndipo urubani wangu ulipoishia. Tulieni niwape mkanda mzima.

Naitwa Mseti, kwetu ni Turwa, Tarime. Nilimaliza kidato cha sita nikiwa na ugonjwa mmoja tu, ndege. Kila kindege cha watalii kilichopita kuelekea Serengeti nilikisindikiza kwa macho mpaka shingo inauma.

Chuo cha urubani kikanipokea. Sharti likawa moja: nilete kwanza cheti cha afya kutoka kwa daktari anayepima marubani, yuko Mwanza.

Ada? Baba yangu, mzee Nchagwa, alishamaliza hesabu kichwani.

"Robi ataolewa, ng'ombe watakuja, tunawapeleka mnadani. Mura, kijana wangu, utaruka!"

Kwetu hiyo si habari ya kushangaza. Vijana wengi wameoa kwa ng'ombe wa dada zao. Mimi tu ndiye niliyetaka kurushwa angani nao.

Robi ni dada yangu, wakati huo ana miaka ishirini na mbili, anafanya kazi kwenye duka la stationery pale Bomani. Mchumba alikuwa mfanyabiashara wa Genkuru, mtu mzima, wake wawili tayari wako ndani. Ng'ombe walikuwa wafike Jumamosi, siku chache tu baada ya kipimo changu. Robi sikumsikia akilalamika, nami nikaona mambo safi.

Tatizo lilikuwa macho yangu.

Nililijua kitambo. Msimu wa kahawa naambiwa nichume zilizoiva, nyekundu. Narudi na ndoo imejaa kijani tupu. Mama ananiita mvivu, nami nanyamaza, maana kwangu zile punje zote zilikuwa zimefanana. Aliyejua ukweli ni Robi peke yake.

Nikamfuata dukani.

"Dada, nasikia wana kitabu cha madoa madoa. Ndani yake kuna namba. Niokoe."

Akatafuta mtandaoni, akanichapishia kurasa zote kwa rangi. Yeye akiangalia anasoma namba moja kwa moja. Mimi naona uji wa ulezi uliomwagika sakafuni.

Basi akaniandikia kwenye daftari. Ukurasa wa kwanza, kumi na mbili. Wa pili, nane. Wa tatu, sita. Akaenda hivyo mpaka mwisho. Wiki tatu nilikariri kila jioni pale dukani, nikirudi nyumbani nakariri hata bafuni.

Ila kulikuwa na kurasa nne za ajabu. Hizo namba nilikuwa naziona mwenyewe!

"Robi! Hii hapa naiona! Si arobaini na tano?"

Akatabasamu. "Hizo ndizo ngumu zaidi. Wengi zinawashinda. Ukifika hapo usisite, sema kwa nguvu."

Nikavimba kichwa. Dada yangu wa tumbo moja, nimshuku kwa lipi?

Siku ikafika, nikapanda basi alfajiri kwenda Mwanza. Daktari alikuwa mama mmoja mpole, Daktari Eunice. Moyo, masikio, mkojo, vyote freshi. Alipotoa kile kitabu nikaanza kumwaga namba. Ukurasa hajaufunua sawasawa, mimi nimeshajibu.

"Taratibu, kijana. Ndege haijakuacha."

Tukacheka. Tukafika zile kurasa zangu nne. Namba ya kwanza nikataja, akaandika kitu. Ya pili nikataja, akaandika tena. Ya tatu ndiyo ile arobaini na tano niliyowaambia.

"Umekariri," akasema.

Nikajikuta nimejibu, "Ndiyo, daktari."

Hakunifokea. Alinipa nafasi ya pili kwenye mashine ya vitaa. Nyekundu nikaiita kijani, kijani nikaiita nyeupe. Balaa tupu.

"Mseti, redio ikizima ukiwa angani, mnara wa uwanja unakuwashia taa. Kijani, unaruhusiwa kutua. Nyekundu, usitue. Una watu thelathini nyuma yako. Ungefanyaje?"

Mimi niliyetahiriwa bila kupepesa jicho, nililia palepale kwenye kiti cha daktari.

Niliporudi, Robi alikuwa ananisubiri stendi. Hata salamu hakutoa.

"Umefeli?"

Nikashtuka. Mtu anaulizaje hivyo kabla hajajua lolote?

"Robi, ile arobaini na tano uliwahi kuiona?"

"Hata siku moja. Maelezo ya mtandaoni yalisema wanaoiona ni wenye macho kama yako."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza wapi, nilikuandikia kabisa uitaje."

Kichwa kikapata moto. "Umeniua, dada! Umeniua!"

"Ungepita, Jumamosi mimi ni mke wa tatu Genkuru. Na wewe huko angani taa ikiwaka, ungenipigia simu nikuambie ni ya rangi gani?"

Nikamwacha amesimama pale. Siku mbili sikumsemesha.

Nyumbani nilimwambia baba nimefeli macho. Akakataa katakata.

"Macho gani! Wewe si unamwona mbuzi akiwa mlima wa pili?"

Nikaeleza weee, mpaka akakubali. Halafu akasema kitu ambacho mimi wala Robi hatukukitegemea.

"Basi hakuna shida. Ng'ombe waje tu. Utanunuliwa pikipiki."

Aisee. Kumbe kufeli kwangu hakukumwokoa mtu.

Jumamosi wazee wa Genkuru wakaja, wakiongozwa na mzee Thadeo, msemaji wa mchumba. Nikapita uani. Robi alikuwa anamenya ndizi za wageni, kisu mkononi, machozi yanadondokea kwenye sufuria. Hasira yote niliyokuwa nayo ikayeyuka. Nikaona aibu, aibu mbaya.

Nikaingia sebuleni.

"Wazee wangu, shikamooni. Hao ng'ombe wanaletwa kwa ajili yangu. Mimi siwataki. Na dada yangu hataki kuolewa huko."

Baba akainuka na fimbo. "Mura, umerogwa?"

Sikutoka. Mzee Thadeo akamshika baba mkono.

"Nchagwa, keti. Binti mwenyewe aitwe."

Robi akaja, bado ameshika kisu cha ndizi.

"Baba, naomba unisamehe. Sitaki."

Mzee Thadeo akachukua kofia yake.

"Sisi tulikuja kutafuta mke, hatukuja kutafuta kesi. Tunashukuru kwa chai."

Wakaondoka. Baba alitununia msimu mzima wa mahindi, akitaka chumvi anamtuma mama aje atuombe. Lakini fimbo hakuigusa tena.

Siku hizi nipo Serengeti, kwenye kiwanja kidogo cha ndege, napima mabegi ya watalii. Ndege naziona kila siku, na marubani tunataniana. Roho imetulia.

Mwezi uliopita Robi alikuja kunitembelea. Ana mashine yake mwenyewe ya kuchapisha sasa, na mchumba aliyemchagua mwenyewe. Tukala, tukacheka, nikaona nimuulize lile lililokuwa linanikaba.

"Dada, kwa nini hukuniambia tu kwamba yule mfanyabiashara humtaki? Ulikuwa na haja gani ya kunitega?"

Akaacha kucheka.

"Nilikuambia mara tatu, Mseti. Palepale dukani. Mara zote ulinijibu, 'Ngoja kwanza, nisije nikasahau namba.'"

Ndugu zangu, sikumbuki hata mara moja kati ya hizo tatu. Zile namba zote ninazo kichwani mpaka leo.

Mtu wako wa karibu akikutega, kabla hujamlaani, muulize alikuomba nini ukiwa bize.